Mwalimu Asiyelipa Riba

Mwalimu Nyakerario alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ni Usabato, aliobatiziwa mtoni akiwa na miaka kumi na minne. Ya pili ni kutolipa riba, na hiyo haikuhitaji mchungaji. Kwa miaka ishirini na minane alifundisha hesabu katika shule ya msingi karibu na Sironga, na katika miaka yote hiyo hakuna benki wala tajiri wa kijiji aliyeonja shilingi moja ya faida kutoka mfukoni mwake. Alilitangaza jambo hili kwenye harusi. Kwenye mazishi pia alilitangaza, mradi apewe kipaza sauti.

Si kwamba hakukopa. Alikopa kuliko wote tunaowajua, ila alijua pa kukopa. Kulikuwa na zamu yake ya chama cha akina mama, waliochangishana na kupokezana pesa. Kulikuwa na mwenye duka wa Nyakoe aliyemwandikia sukari na unga hadi mwisho wa mwezi. Kulikuwa pia na shemeji yake Nyamongo, aliyewahi kumkopesha elfu nane akalipwa kwa mikungu ya ndizi, mkungu baada ya mkungu, mpaka mkewe akamwambia asamehe tu deni ili jiko lipumue.

Waliomcheka hawakujua kwamba chini ya maringo hayo kulikuwa na hasira. Babake, Mzee Nyangau, alikuwa na nusu eka ya chai kule Ikonge. Nyakerario akiwa msichana, mzee huyo alikwenda kwa tajiri mmoja, akachukua pesa, akaiacha chai mikononi mwa tajiri huyo. Masharti yalikuwa yale ya siku zote: mwenye pesa anachuma majani hadi siku atakaporudishiwa pesa yake yote, na majani yale ndiyo riba. Mzee Nyangau alikufa hajarudisha kitu. Tajiri naye akafa, mwanawe Onyiego akarithi kikapu, na chai ikaendelea kuchumwa na watu wengine. Mamake Nyakerario alisema tu kwamba baba alikopa vibaya. Kwa vile hakueleza zaidi, binti alijazia mwenyewe: pombe, au mwanamke, au vyote viwili kwa wiki moja. Kila alipopita Ikonge aligeuza uso upande wa pili wa barabara. Alimpenda babake, na alimdharau, na yote mawili yalimchosha.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, Onyiego alimtumia ujumbe. Alikuwa anamalizia nyumba ya ghorofa na saruji ilikuwa imemshinda. Mwalimu akileta laki moja na elfu ishirini kabla Juni haijaisha, shamba ni lake. Asipoleta, kuna mnunuzi kutoka Kisii anayetaka kung'oa chai yote na kupanda mikaratusi.

Mtu mwingine angekwenda kuchukua mkopo wa mshahara siku hiyo hiyo. Nyakerario alinunua daftari jipya, akapanda gari kwenda Kisii mjini, akaingia benki tatu kwa zamu kuulizia kadi za mkopo.

Benki ya kwanza ilimsifia kadi inayomruhusu kupumzika katika ukumbi wa heshima kwenye viwanja vya ndege. Aliuliza kama ukumbi huo uko Nyakoe au Ikonge. Benki ya pili ilikuwa na kadi ya pointi: ukitumia sana, baada ya miaka miwili unapewa mashine ya kusaga matunda. Aliwaambia kwamba meno yake bado yapo. Katika benki ya tatu alimkuta msichana aitwaye Sharon, mpole kama daktari wa watoto, aliyemweleza kadi isiyo na ada mwaka wa kwanza na inayorudisha shilingi moja kwa kila mia unayotumia.

Sharon alikuja kusema baadaye kwamba hajawahi kuhojiwa vile, hata alipokuwa akiomba hiyo kazi. Aliulizwa kwa muda wa karibu saa mbili. Hesabu za kadi hufungwa tarehe kumi na mbili ya kila mwezi, kisha mteja hupewa siku ishirini za kulipa. Anayenunua mara tu hesabu zikishafungwa anapata karibu siku hamsini bila riba. Ukitoa noti kwenye mashine ya benki kwa kadi hiyo, riba inaanza siku hiyo hiyo. Na ukichelewa kulipa, au ukibakisha hata shilingi moja, riba inahesabiwa kwa kila kitu tangu siku ulipokinunua. Nyakerario alipigia sentensi hiyo ya mwisho mistari mitatu, kisha akaiomba kadi.

Shida ilikuwa moja. Onyiego alitaka noti, si kadi. Lakini mwalimu wa hesabu hashindwi na jambo kama hilo. Kama kadi haitoi noti bila riba, watu watatoa. Tarehe kumi na nne Juni, siku ya Jumapili, alisimama kwenye foleni ya duka kubwa mjini Kisii akiwa hana hata kikapu, na kila aliyefika kulipia vitu vyake alimwomba kwa heshima ampe yeye pesa taslimu, kisha akamlipia kwa kadi. Wengine walimdhania tapeli. Mama mmoja alikumbatia mkoba wake na kutaja jina la Yesu. Lakini wengi walitazama koti lake la kanisani na miwani yake, wakampa pesa. Meneja alikuja kuuliza anauza nini. Alijibu kwamba hauzi chochote, anawalipia watu, na kama kuna sheria inayokataza kuwalipia watu aonyeshwe. Alirudi nyumbani jioni na elfu arobaini na nne na mia nne kwenye soksi.

Zilizobaki zilitoka kanisani, na hapo ndipo ulimi wake ulipofanya kazi kweli. Kamati ya ujenzi ilikuwa na elfu sabini na nne taslimu za kununua mabati. Nyakerario aliwaomba waziwazi: yeye anunue mabati kwa kadi, wao wampe zile pesa. Mabati ni yale yale, bei ni ile ile, na deni ni lake peke yake. Mzee wa kanisa Geoffrey aliomba kadi, akavaa miwani, akasoma tarakimu zote kumi na sita kwa sauti akitafuta sita tatu zinazofuatana. Mafundisho ya kanisa lake yanasema alama ya mnyama ni mambo ya Jumapili, si ya benki, lakini Mzee Geoffrey alipenda kuwa na uhakika. Alipata sita mbili, tena zimekaa mbalimbali kama watu waliokosana. Kadi ikapita. Kamati iliongeza sharti moja tu, kwamba shilingi mia saba na arobaini zitakazorudishwa kwa mabati hayo ziwe za kanisa. Nyakerario alikubali kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Tarehe ishirini na tano Juni alikwenda Ikonge akiwa na pesa zote, akiongezea kidogo za mshahara. Onyiego alihesabu mara mbili, wakatiliana sahihi mbele ya mashahidi. Halafu akamkabidhi bahasha ya kahawia, iliyochakaa kingoni.

"Hii ni ile karatasi ya wazee wetu, mong'ina," alisema, akimwita mama kwa Kigusii. "Uisome."

Nyakerario hakuisoma. Hakutaka kuuona mwandiko wa babake akijiuza. Aliitia ndani ya daftari la kadi, akaingia katikati ya chai na kugusa majani kwa viganja vyote viwili, na akalia kidogo, kisha akawakaripia vibarua wa Onyiego kwa kuchuma vibaya.

Deni la kadi sasa lilikuwa laki moja na elfu kumi na nane na mia nne, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe mosi Agosti. Pesa za kulipa zilikuwepo: mishahara miwili, kwa kuwa alikuwa akila mboga tupu tangu Juni, na zamu yake ya chama, iliyoangukia Ijumaa tarehe thelathini na moja Julai. Hesabu ilikuwa safi. Jambo moja tu hakuwa ameliona, na mtu yeyote wa kijiji hicho angeliona kwa kutazama kalenda. Tarehe mosi Agosti ilikuwa Sabato.

Aligundua Alhamisi. Hakutetereka sana. Ijumaa alasiri akina mama wa chama wangempa zamu yake, angeitia kwenye simu kwa wakala, angelipa benki kabla jua halijazama, na Sabato ingemkuta mikono yake mitupu. Lakini Bochaberi, mwenyekiti wa chama, alifika amechelewa, wakaomba, wakaimba, wakanywa chai, wakajadili mtu ambaye hakuwepo. Saa kumi na mbili na dakika kumi ndipo pesa zilipoingia kwenye simu ya Nyakerario. Alibonyeza namba za benki. Huduma haipatikani kwa sasa. Alibonyeza tena njiani, akabonyeza tena kwenye geti lake. Huduma haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu baadaye. Jua lilikuwa limebakiza kama robo saa.

Hapo aliogopa, na aliogopa kweli. Kulipa kesho ni kuvunja Sabato. Kulipa keshokutwa ni kulipa riba ya siku zote hamsini, yeye, binti wa yule mzee. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na simu mapajani, akiona namna watu watakavyocheka, na namna babake angecheka kuliko wote.

Katika ploti yake ya vyumba vya kupangisha aliishi mpangaji mmoja, Akumu, mwalimu mwenzake kutoka upande wa ziwani, Mkatoliki, mwenye kicheko kikubwa na simu iliyojaa madeni. Akumu alikopa kwa simu kununua mboga, akakopa tena kulipia ule mkopo wa mboga. Nyakerario alikuwa amemhubiria miaka mitatu bila mafanikio. Sasa alimwita mbio, akamweleza kwamba kumtumia mtu pesa kwa simu kunakubali hata kama benki haikubali, na kwamba atamtumia zote sasa hivi, jua likiwa bado lipo, na Akumu azilipe benki kesho asubuhi kwa namba ya kadi hii hapa.

"Sawa, Mwalimu," Akumu alisema. "Nikiamka tu nalipa."

"Usilipie humu ndani. Amri inakataza hata mgeni aliye ndani ya malango yangu. Toka nje ya geti, uende mpaka barabarani."

Akumu alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Simu ya Akumu ililia, akasoma, akafungua mdomo kusema kitu. Lakini jua lilikuwa limeingia nyuma ya migomba, na Nyakerario alikuwa ameshaanza wimbo wa kuipokea Sabato, amefumba macho.

Jumamosi asubuhi ilinyesha manyunyu. Akitoka kwenda kanisani Nyakerario alimkuta Akumu barabarani chini ya mwavuli, hatua tano kutoka kwenye geti, akibonyeza simu. Hakumwuliza kitu, kwa sababu kuuliza ni biashara. Alimpungia Biblia tu, akapita. Siku nzima mahubiri yalimpita masikioni.

Jumapili Akumu alimletea simu aone mwenyewe. Benki ilikuwa imepokea laki moja, elfu kumi na nane, mia nne, kwa wakati. Kadi haikuwa na deni wala riba. Nyakerario alisoma ujumbe huo mara mbili na kupiga makofi. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu, akasoma na jumbe zilizokuwa juu yake.

Ijumaa jioni, pesa zilipoingia, ule mkopo wa simu wa Akumu ulikuwa umejikatia deni lake humo, elfu tatu mia nane na arobaini kabla mtu hajapumua. Jumamosi asubuhi Akumu alikuwa ameukopa upya, shilingi zile zile, ili benki ipate pesa kamili. Ada ya kukopa na ya siku, jumla shilingi sitini na nane.

"Mbona hukuniambia?" Nyakerario aliuliza.

"Ningekuambia, lakini ulikuwa umeanza kuimba," Akumu alisema. "Na hizo ni sitini na nane tu. Mimi nimezoea riba, Mwalimu. Wewe hujazoea."

Nyakerario aliingia ndani kutafuta noti, akafungua daftari la kadi, na bahasha ya kahawia ikaanguka sakafuni. Akaiokota. Safari hii aliifungua, kwa sababu hakutaka kurudi nje haraka. Mwandiko wa babake ulikuwa mkubwa na wa kulazimisha, wa mtu aliyeishia darasa la pili. Ulitaja nusu eka ya chai, majina ya mashahidi watatu, na tarehe, ambayo ilikuwa wiki moja kabla Nyakerario hajabeba sanduku la bati kwenda chuo cha ualimu. Mstari wa mwisho ulisema pesa ni za karo ya Nyakerario, na kwamba mtoto asiambiwe, asije akakataa kwenda.

Miaka thelathini chai ilikuwa imechumwa kwa ajili yake, naye amekuwa akigeuza uso.

Alipotoka alikuwa na elfu tatu mia tisa na nane mkononi, zimehesabiwa sawasawa. Alimpa Akumu zote, akamwambia aulipe ule mkopo wa simu leo, aufunge kabisa. Sitini na nane ni zake Akumu. Zilizobaki atarudisha akipata.

"Na riba?" Akumu aliuliza, akicheka. "Si wewe ndiye hujawahi kulipa?"

"Sijawahi," Nyakerario alisema. "Nimekuwa nikilipiwa."

Kisha alichukua kikapu chake na kwenda Ikonge kuchuma chai ya babake.