Shikamoo ya Shimo la Tisa

“Nani amekufundisha?” Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka tisa, magoti yangu yote mawili yakiwa chini kwenye nyasi fupi zenye unyevu, na sikuweza kulijibu. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limesimama hatua nne tu kutoka nilipokuwa, limevaa ovaroli ya kijani, kofia mkononi, likiangalia ziwa. Tangu siku ile nimejibu maswali mengi, mengine katika vyumba vya mitihani na mengine mbele ya watu wenye tai, na walionizoea wananijua kama mtu asiyekubali jambo mpaka alichokonoe. Lakini lile la kwanza, jepesi kuliko yote, lilinishinda, na kila ninaponusa nyasi zilizokatwa zikiwa bado na umande, hunirudia kwa sauti ileile.

Baba yangu, Masatu, alikuwa mkata nyasi wa uwanja wa gofu wa hoteli moja kubwa kando ya ziwa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Uwanja wenyewe ulikuwa na mashimo tisa tu, umepenyezwa katikati ya yale majabali yetu yaliyobebana kama mizigo bandarini, na juu ya majabali hayo pimbi walikaa wakiota jua na kuwatazama matajiri. Sisi ni watu wa Nansio, Ukerewe. Tulihamia pale nilipokuwa na miaka saba, baba alipopata kazi, tukapewa chumba na sebule katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya banda la mashine. Ilikuwa nyumba yetu ya kwanza yenye bomba la maji ndani, na kwa wiki nzima mdogo wangu alikuwa akilifungua na kulifunga kuhakikisha halijachoka. Nyumba ilikwenda pamoja na kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha, na meli ya kurudi Nansio ipo. Hilo tulilijua wote bila kulisema, kama watu wanavyojua kwamba ziwa lina kina.

Baba aliipenda kazi ile kwa namna iliyonishangaza, maana kwetu kisiwani nyasi ni kitu cha kufyeka, si kitu cha kulea. Asubuhi alianza kwa kupangusa umande kwa mwanzi mrefu uliopinda, akiupitisha taratibu juu ya nyasi kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Halafu alikata zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo, sehemu ambayo wao waliiita grini, na alipomaliza alivua viatu akatembea juu yake peku, akisikiliza kwa nyayo. Alirudi nyumbani kunywa chai akiwa ananukia majani mabichi na mafuta ya mashine, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vya kijani. Mama alimwambia, “Baba Konso, siku moja utaota mizizi tushindwe kukuhamisha.” Konso ni mimi, Consolata, mtoto wa kwanza.

Baba alikuwa na amri moja kwetu, nayo haikuwa na mjadala: tusipite njia ya wageni. Tukitaka kwenda shule, dukani au ziwani, tuzunguke nyuma ya majabali, kwenye miiba na kinyesi cha pimbi, ingawa njia ya wageni ilikuwa nusu ya umbali na imemwagwa changarawe nzuri. Niliuliza kwa nini. Akasema, “Mpira wa gofu ni jiwe. Ukikupata kichwani umekwenda.” Nikamwambia mbona watoto wa wageni wanapita na vichwa vyao ni laini kuliko vyetu. Akacheka, akanifinya sikio, akaniambia nizunguke nyuma. Sikuridhika. Tangu zamani hizo jibu lisiloziba tundu lote lilinikera kama kokoto ndani ya kiatu, lakini nilizunguka.

Mama naye alikuwa na amri yake, nayo ilikuwa salamu. Kwake mtoto aliyempita mkubwa bila kumsalimia alikuwa amemvua mama yake nguo sokoni. Na shikamoo ya mtoto wa kike ilikuwa na utaratibu: unapiga magoti, unamwangalia mkubwa chini ya kidevu, unatamka wazi, kwa sababu shikamoo ya kunung’unika ni tusi lililovaa kanga. Siku moja nilimpita fundi wa mashine mlangoni nikiwa na mawazo yangu. Mama aliniona kupitia dirisha, akanirudisha kutoka dukani na sukari mkononi, nikapiga magoti mbele ya yule mzee aliyekuwa amelala chini ya trekta. Alijibu “Marahaba mwanangu” akiwa chini kulekule, nikaisikia ikitoka kwenye chuma. Baba alikuwa akiangalia yote hayo kutoka kizingitini. Alisema tu, “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,” akaingia ndani. Nilidhani amefurahi.

Likizo ya mwezi wa sita, mwaka wangu wa tisa, akaja mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mzee wa mvi safi, mnene wa heshima, na wafanyakazi walisema ni rafiki wa wenye hoteli. Alicheza kila asubuhi pamoja na meneja. Siku ya tatu aliuliza ni nani anayetunza nyasi, kwa sababu hajawahi kuona grini kama zile upande huu wa nchi. Meneja akamwita baba. Yule mgeni akataka baba afuatane nao mzunguko mzima, awe anamweleza nyasi zimelalia wapi ili ajue mpira utapinda vipi. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla ya baba mwenyewe, imeletwa na Bahati, kijana wa kubeba fimbo za wachezaji, ambaye hakuweza kukaa na habari tumboni. “Mama Konso, mzee wako kesho anatembea na wakubwa! Meneja anasema huenda akamfanya msimamizi wa uwanja wote. Msitusahau ufalme ukija.” Mama alimfukuza kwa mwiko, lakini jioni ile alipiga pasi ovaroli mpaka ikawa na mistari kama suruali ya askari wa gwaride.

Kesho yake nilipanda juu ya jabali nikalala kifudifudi. Kutoka pale niliuona uwanja wote, na ziwa nyuma yake likiwa limetulia, na kule mbali wingu la wadudu wa ziwani limesimama juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua. Niliwafuata kwa macho shimo baada ya shimo. Baba alichuchumaa, akalaza kiganja juu ya nyasi, akanyoosha kidole. “Zinalala kuelekea ziwani, mzee. Piga kushoto kidogo.” Mgeni alipiga kushoto kidogo, mpira ukapinda wenyewe ukaingia kama panya aliyekumbuka kwao. Mgeni akampiga baba begani. Sikuwahi kumwona baba akipigwa begani na mtu wa namna ile. Kufika shimo la nane walikuwa wanacheka wote watatu, na Bahati alikuwa amebeba begi la fimbo kana kwamba lina mfalme ndani. Nikasikia mgeni akisema kwa sauti kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumaliza mashimo tisa kwa idadi ya mapigo yanayotakiwa, na kwamba leo, akiingiza la mwisho, atakuwa amemaliza.

Ndipo likanijia wazo, na mpaka leo nikilitafuta kosa ndani yake silipati. Niliona kwamba baba amepewa heshima, na kwamba heshima ile ina upungufu mmoja: mgeni hajui kwamba mtu huyu ana mtoto, na mtoto mwenyewe ana adabu. Nikateremka jabalini, nikapangusa gauni, nikaikanyaga njia ya wageni kwa mara ya kwanza. Changarawe ilikuwa ya baridi na laini. Walikuwa wamesimama kwenye grini ya tisa, wamenyamaza, na mimi nilichukua ule ukimya kuwa ndiyo nafasi yangu. Kwetu watu wakinyamaza mbele ya mtoto aliyefika, wanamngoja asalimie. Mgeni alikuwa ameinama juu ya mpira. Kutoka mpira hadi shimo hapakuzidi urefu wa mkeka. Nikapiga magoti ukingoni, nikatamka kwa sauti ambayo mama angeisikia kutoka jikoni:

“Shikamoo babu!”

Mikono ya mgeni ilishtuka. Mpira ulipita pembeni ya shimo, ukasita kama unaotaka kugeuka, ukaanza kuteremka kuelekea ziwani, taratibu, kama baba alivyosema nyasi zinavyolala, na sote watano tukausindikiza kwa macho mpaka uliposimama. Mimi nilibaki chini, kwa sababu msalimiaji hainuki kabla hajaitikiwa, na nikangoja marahaba. Mgeni alivua glavu yake kidole kimoja kimoja. Akampa Bahati fimbo, akaupita mpira wake bila kuuokota, akaenda zake hotelini. Hakunitukana. Hakuniangalia pia.

“We mtoto,” meneja akasema, akinisogelea, “nani amekufundisha?”

Nikamtazama baba. Kama ningesema ni yeye, niliona kwamba kuna kitu kingevunjika, ingawa sikujua ni kitu gani. Kama ningesema si yeye, ningekuwa nimemkana baba yangu mchana kweupe.

“Ni wa kwangu, bosi,” baba akasema.

“Najua ni wa kwako, Masatu. Nauliza nani amemfundisha. Si tuliongea? Si tuliongea siku ya kwanza kabisa?”

Baba alinijia, akaniinua kwa makwapa kama mtoto mdogo, akanisogeza pembeni. Kisha akapiga magoti palepale nilipokuwa nimepiga mimi, na kwa ncha za vidole akaanza kuziinua nyasi zilizolala chini ya uzito wangu, moja moja, mpaka alama ya magoti yangu ikapotea. Meneja alisubiri amalize.

Nyumbani mama aliniuliza jambo moja tu. “Aliitikia?” Nikasema hakuitikia. Mama akatikisa kichwa. “Basi hana kwao huyo.” Alilisema kama hukumu ya mahakama, nami nikafarijika kwa muda, mpaka nilipomwona baba amekaa kwenye ngazi anasafisha buti ambazo zilikuwa safi tayari. Nilikaa karibu naye. Nilitaka kusema nisamehe lakini sikuweza kukitaja kitu ambacho angenisamehe, maana nilikuwa nimefanya kila nilichofundishwa. Mwisho wa mwezi ulipofika, barua nayo ikafika. Tulipanda meli ya Nansio na godoro, masufuria na ule mwanzi wa kupangusia umande ambao baba aliutengeneza mwenyewe. Mdogo wangu alilia sana kuliacha bomba. Baba alisimama upande wa meli usiotazama hoteli.

Wahenga wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema inakuwaje aliyefunzwa vizuri na mamaye akikutana na ulimwengu. Niliibeba hoja hiyo hadi chuo kikuu, na katika mdahalo mmoja nilisimama nikathibitisha kwamba shikamoo ni mabaki ya utumwa, neno la kushika miguu ya watu, na kwamba kizazi chetu kiizike. Nilishinda. Nikatoka ukumbini simu ikaita, nikaipokea: “Shikamoo baba.” Sasa naishi Buswelu, nina kazi ya ofisini, na kijana wa ofisi akinipita asubuhi na vidude vyake masikioni bila salamu, hasira inanipanda nisijue ni ya nani, yangu au ya mama.

Mwaka jana ofisi yetu ilitupeleka kwenye hoteli ileile, na mchana tukafundishwa kucheza gofu. Nilizunguka mashimo yote tisa na fimbo ya kuazima. Nilipiga mchanga, nilipiga maji, nilipiga jabali lililokuwa langu. Nyasi zilikuwa nene na zimeachiwa. Nilivua viatu nikakanyaga grini ya tisa, na hata mimi nyayo zangu zilijua kwamba hazina mlezi. Mpira wangu ulikuwa karibu na shimo, urefu wa mkeka. Wenzangu walinyamaza. Hapakuwa na mtoto wala salamu, ziwa lenyewe lilikuwa limetulia. Nikapiga, na mpira ukapita pembeni.

Nilimwuliza baba mara nyingi kwa nini siku ile hakumjibu meneja. Nilipokuwa shule alinijibu, “Angalia masomo.” Nilipomaliza masomo alinijibu, “Mambo ya zamani hayo, Konso.” Siku hizi anafyeka uwanja wa kanisa pale Nansio, bila kuombwa, na waumini wanasema ni aibu kuukanyaga na viatu. Miezi michache iliyopita alifikisha umri wa kudai mafao yake, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, nikakabidhiwa bahasha ya karatasi zake zote nizifuatilie. Ndani yake, chini ya ile barua ya kumwachisha kazi, mlikuwa na karatasi moja ya masharti ya kuishi katika nyumba za wafanyakazi. Sharti la sita linasema mfanyakazi atahakikisha watoto wake wamefundishwa kutomsalimia mgeni, isipokuwa mgeni ameanza yeye. Chini kuna sahihi ya baba, ya wiki ileile tuliyohamia. Miaka miwili yote alikuwa anajua, na hakutufundisha. Alituonyesha tu njia ya kupita nyuma ya majabali.