Nikupokee, Sista

Sista Severa alikuwa hapokelewi mzigo. Mwaka wa kumi na moja huu nadeki chumba cha dharura, hospitalini kwetu jirani na Kariakoo, na kila asubuhi namwona anatoka kituoni na begi, kapu na chupa ya chai. Ukimwambia, "Nikupokee, sista," anakujibu, "Niache tu Mama Bakili, nimeshafika." Hata kama yuko ng'ambo ya barabara. Ndivyo alivyolelewa kwao Masasi.

Mwezi wa pili manesi sita, Severa akiwemo, wakafundishwa namna ya kumrudisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Siku tatu, na sanamu la mpira lenye taa kifuani. Ukilibonyeza sawasawa, kijani, ukilegea, nyekundu. Mwalimu wao, Polycarp, mdogo kuliko kifungua mimba wa Severa. Mimi sikuwa kwenye orodha. Nilikuwa nadeki tu, na sakafu ile niliideki siku tatu mpaka ikaniomba radhi.

Kwa sindano Severa humwezi, mshipa anaupata hata gizani. Lakini anayebonyeza kifua lazima abadilishwe kila dakika mbili, na hapo ndipo alipokwama. Nesi mwenzake, Najma, anamwambia, "Nikupokee, dada?" Yeye jasho linamchuruzika, "Niache tu, bado nipo." Taa nyekundu.

"Shikamoo, mama," Polycarp akamwambia.

"Marahaba."

"Heshima nimeshatoa, sasa nakugombeza. Mikono yako imechoka zamani. Wewe hujui, taa inajua. Ukichoka sema, 'Nipokee.' Adabu yako hiyo haikuui wewe, inamuua mgonjwa."

Wenzake wakacheka. Severa hakucheka. Siku ya tatu aliitamka "Nipokee" kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. Akafaulu. Polycarp akaondoka na sanamu lake.

Haukupita mwezi, wale sita wakapukutika: likizo ya uzazi, uhamisho, zamu nyingine. Alhamisi moja saa sita mchana walikuwepo Severa na Najma, na Najma yuko chumba cha pili na daktari, wanahangaika na mzazi anayevuja damu. Ndipo guta la kubebea mizigo likamleta Mzee Abdulswamad, muuza boliti wa mtaa wa Gerezani. Alianguka dukani akimpimia mteja nati. Mkewe alikuwa nyuma, kashika kofia na viatu vya mumewe.

Severa akagusa shingo, hakusikia kitu. Akambandika nyaya za mashine ya moyo. Mstari umelala, na mstari uliolala haupigwi umeme, hilo hata mimi nililisikia kwa Polycarp. Akamwita daktari, akaanza kubonyeza.

"Mwanangu, polepole," mke wa mzee akasema. "Mbavu hizo zimezeeka."

Severa akazidisha nguvu. Polepole ndiyo inayoua.

Dakika mbili zikaisha. "Nipokee," akasema, wazi kabisa.

Mlangoni hakuna mtu. Daktari akapaza sauti kutoka kule kwamba akitoa mkono tu, mzazi anakwenda.

"Mama Bakili. Nipokee."

Sina cheti. Mfagiaji mwenzangu aliwahi kufukuzwa kwa kumgeuza mgonjwa tu. Nikaegemeza deki ukutani, nikanawa, nikabonyeza. Mikono ya kukamua matambara ina nguvu, lakini kifua cha Mzee Abdulswamad hakikuwa na taa. Sikujua kama ni kijani au nyekundu. Severa akachoma dawa, akashika mfuko wa kupulizia hewa. Nikachoka, nikasema nipokee, akanipokea. Tukaendelea hivyo, wanawake wawili, na ule mstari umejilaza kama mwenye nyumba.

Daktari alikuja na damu mpaka viwikoni. Akagusa shingo, akaangalia mashine, kisha saa ya ukutani.

"Basi, sista."

Severa akabonyeza mara nyingine tatu. Nilizihesabu. Mke wa mzee akainama, akamvalisha mumewe kofia.

Zamu iliisha saa nane. Severa akatoka na begi lake, kapu na chupa, nami sikumwambia neno, maana jibu lake nalijua. Getini akasimama. Akaninyooshea kapu, macho yake barabarani.

"Nipokee," akasema.

Lilikuwa tupu. Nikalibeba mpaka kituoni.