Orodha ya Watu Kumi na Mmoja

Pale ofisini tulimwita Kalamu Nyekundu. Alijua, akajifanya hajui. Alikuwa nesi mstaafu aliyerudishwa kazini homa ilipozuka, akague orodha za watu waliokaribiana na wagonjwa. Kila aliyeandikwa alitakiwa kutembelewa na kupimwa joto siku ishirini na moja. Mkuu wetu, mtu wa kupenda sifa, aliringa: asilimia tisini na nane wametembelewa!

"Hongera," alisema Kalamu Nyekundu, uso mkavu. "Hawa wagonjwa wapya, wangapi walikuwa kwenye orodha kabla hawajaugua?"

Wagonjwa walikuwa saba. Kwenye orodha tulikuwa na watatu.

"Basi tunawatembelea vizuri sana wasiohusika," akasema Kalamu Nyekundu. Kwa mdomo ule, sishangai kwamba alistaafu bila kupandishwa cheo.

Akaanza kuzipitia orodha moja moja. Iliyokuwa nadhifu kuliko zote ni ya bintiye, kitinda mimba wake, mwandikaji mwenzetu: mgonjwa ni fundi cherehani, watu kumi na mmoja, mpaka muuza maji aliyeingia kutua ndoo. Akamwita. Binti akasimama mlangoni kajifunika shali, na jua la siku hiyo usiseme.

"Siku ile kwa fundi ulikaa wapi, mwanangu?"

"Kitandani pake, mama. Alitapika, nikamshikia beseni."

"Na glovu?"

"Ziliisha asubuhi."

"Mbona wewe humo kwenye orodha?"

Binti akacheka. "Mama naye! Si mimi ndiye niliyeandika?"

Alicheka peke yake. Nilifungua kabati nikapekua orodha zetu zote, waandikaji tisa. Hakuna hata mmoja aliyejiandika, na mimi nikiwemo. Niliona aibu, wacha nikwambie.

Kipimajoto kilisoma thelathini na nane na nusu. Tangu lini? Tangu juzi, alidhani ni uchovu tu. Mama mtu alijiziba mdomo kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa. Kisha akavuta ile orodha, na kwenye mstari wa kumi na mbili akaandika jina la bintiye kwa wino mwekundu.

Halafu akachukua fomu mpya, ya binti sasa, akajiandika wa kwanza. Jana jioni alikuwa amemsuka nywele, kichwa cha binti kikiwa mapajani pake.