Maeng Sang-gu na Vigingi vya Mlimani

Kwa miaka thelathini na saba Maeng Sang-gu aliutetea umeme wa upepo, na upepo ulipokaribia kuja, walipiga kigingi chake kando ya kaburi la mama yake.

Alikiona wiki mbili kabla ya sikukuu ya mavuno, alipopanda mlimani na mundu kufyeka majani ya kaburi kama kila mwaka. Siku hizi wenzake hulipa vibarua wa mjini waje na mashine zinazonguruma, kisha hutumiwa picha kwenye simu, na huko ndiko kumkumbuka mzazi. Maeng hufyeka kwa mkono. Kigingi kilikuwa cha mbao, kimefungwa utepe mwekundu, hatua moja tu kutoka kwenye tuta la udongo alipolala mama. Hakuking'oa. Alifyeka akikizunguka, akamwaga pombe ya mchele, akainama mara mbili mpaka chini, akashuka.

Habari yenyewe ilijulikana Dolgumi nzima. Wilaya ilikuwa imekipa kijiji njia mbili: mtambo wa nyuklia pale ghubani, au minara kumi na miwili ya upepo kwenye mgongo wa mlima. Wakikubali kimoja, kingine kitapelekwa kwingine. Kila nyumba ina mkono mmoja wa kura. Na kila mtu alijua Maeng angesema nini, maana alikuwa akisema hivyo tangu akiwa na nywele nyeusi. Shule aliiacha darasa la sita, baba yake alipofariki. Mengine alijisomea, kwanza kwenye magazeti ya kufungia samaki, baadaye kwenye vitabu vya maktaba ya wilaya, kamusi pembeni. Alijua maji ya mtambo wa nyuklia hurudi baharini yakiwa na joto kiasi gani. Alijua mabaki yake hukaa miaka mingapi. Habari za mizimu na siku mbaya alizicheka mbele za watu.

Mkutano uliwekwa siku ya kugawana miamba. Kila vuli watu wa Dolgumi hupiga kura ya bahati, kila nyumba ipate mwamba wake baharini, kisha huusugua kwa chuma chenye mpini mrefu mpaka ubaki mtupu, ili mbegu za mwani zishike na masika wavune. Zamani zilikuwa nyumba arobaini na mbili, na kusugua kulikuwa na nyimbo zake. Mwaka ule miamba ilizidi mikono. Wazee kumi na tisa walichovya mikono kwenye bakuli la kura kana kwamba bado kuna cha kugombania, kisha wakaketi sakafuni ukumbini, kila mtu na kahawa yake ya pakiti kwenye kikombe cha karatasi.

Pyo Gi-chul alianza. Yeye na Maeng walizaliwa mwaka mmoja, ukuta kwa ukuta, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha. Mwanawe Pyo alikuwa fundi wa mtambo wa nyuklia kusini.

"Mimi nataka nyuklia," alisema. "Mwanangu amekula huko miaka kumi na minane, na anang'aa kwa mshahara tu. Mtambo unaleta kazi, unaleta zahanati, shule itafunguliwa tena. Hiyo minara itamwajiri nani? Tutabaki vizee kumi na tisa tunatazama feni."

Watu walicheka.

"Na mwani?" aliuliza Mama Jin-suk, dada yake Maeng, ambaye ndiye aliyekuwa anasugua mwamba wa nyumba yao. "Maji ya moto yakimwagwa ghubani, masika nitavuna nini? Supu ya mwani ya kumpa mzazi aliyejifungua nitaipikia mawe?"

"Mama Jin-suk, mzazi wa mwisho hapa alijifungua lini?"

Hapo hakuna aliyecheka.

"Na mabaki," mama mmoja wa nyuma alisema. "Kaka Pyo atayaweka chini ya godoro lake?"

"Bora yangu yana pa kuwekwa. Upepo ukilala, taa utaziwasha na nini? Muulizeni msomi wetu. Kaka Maeng, mbona leo upepo umekuziba mdomo?"

Maeng alikuwa amekitazama kikombe chake tangu mwanzo. Alisimama polepole kwa sababu ya magoti.

"Upepo ukilala kuna betri, na kuna laini ya mkoa," alisema. "Hayo nimeshawaeleza mpaka mmechoka. Leo nina jingine. Mnara wa tano unasimama kwa mama yangu."

Alimgeukia Bibi Ryu, mwakilishi wa kampuni ya upepo, aliyekuja kutoka Seoul na ramani zake.

"Hauwezi kusogea?"

"Tulijaribu, mzee," alisema Bibi Ryu. "Kwingine mwamba umepasuka, hauwezi kubeba msingi. Kampuni itagharamia kuhamisha kaburi, kila kitu. Tungependa iwe kabla ya baridi."

"Kabla ya baridi haiwezekani," alisema Maeng. "Kaburi huhamishwa mwezi wa ziada."

Bibi Ryu alifungua kalenda ya simu yake. Pyo ndiye aliyemsaidia.

"Hutauona humo, binti. Ni kalenda ya mwezi. Ikibaki nyuma ya jua wanaiongezea mwezi mmoja, na mwezi huo hauna mwenyewe, mizimu haiangalii. Ndipo unapogusa kaburi bila kudhurika. Unaofuata ni kiangazi, si cha mwaka ujao, cha ule mwingine." Kisha akamgeukia jirani yake. "Lakini wewe si ndiye uliyetuambia mwezi huo ni hesabu tu? Nilipomhamisha baba ulinicheka hapa hapa."

"Nilikucheka. Na ni hesabu tu."

"Sasa?"

"Sasa ni mama yangu."

Pyo alimalizia kahawa yake. "Mwandikie, binti," alisema. "Mkono wangu unabaki kwa nyuklia. Lakini kama ni upepo, mama wa mtu haguswi mwezi wenye macho."

Bibi Ryu alitoka nje kupiga simu. Aliporudi alisema wataanza na minara ya upande wa mashariki, na wa tano utasubiri. Mwenyekiti wa kijiji aliyaandika hayo, kampuni ikaweka sahihi. Ndipo mikono ikahesabiwa, na Maeng akauinua wake kwa upepo, kama alivyokuwa akisema siku zote. Upepo ulishinda kwa mikono mitatu.

Mwezi ule ulipofika, minara kumi na mmoja ilikuwa tayari inazunguka. Maeng alipanda na dada yake. Vibarua wa kampuni walikuja na mashine ya kuchimbia. Akawaambia waizime, nao wakaizima, wakakaa kivulini na simu zao. Alipiga jembe mara tatu juu ya tuta.

"Mama," alisema kwa sauti, "ni Sang-gu. Tunakuhamisha. Usishtuke."

Alichimba mwenyewe mpaka mchana. Mifupa aliitoa kwa mkono, akaipanga juu ya karatasi nyeupe kuanzia kichwa kushuka miguuni, kama alivyomwona babu yake akifanya. Alikuwa mtu wa mwisho Dolgumi aliyejua mpangilio huo, na hakuna aliyemwomba amfundishe. Dada yake aliinyunyizia pombe, akaifunga.

Kaburi jipya halikuruhusiwa tena milimani. Walimchoma mama siku hiyo hiyo, wakamweka kwenye nyumba ya majivu ya wilaya, rafu ya nne, nyuma ya kioo. Mama Jin-suk aliuliza mwakani watafyeka nini. Maeng alisema kioo hufutwa kwa kitambaa, akatafuta viatu vyake mlangoni.