Makumbusho Gani?

Kila Idd inapokaribia, mama yangu hufungua sanduku lake la bati, na harufu ya naftalini ikatapakaa chumba kizima. Wakati huohuo jikoni mkate wa kumimina uko makaani, moto chini moto juu, tui na hiliki vinanukia mpaka kwa jirani. Harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu, basi, sikukuu imeniharibikia. Wanangu hunicheka, wanasema mama anauchukia mkate. Siuchukii. Wao bado wadogo, siwezi kuwaambia, lakini ninyi nitawaambia: harufu zile zikichanganyika, mimi narudi kwenye benchi la jumba la makumbusho Dar es Salaam, mtoto wa miaka tisa, namngoja baba.

Nyumbani kwetu ni Kilwa Masoko, ingawa mama ni mtu wa Kikole. Baba alikwenda Dar kubeba mizigo kwenye duka la jumla Kariakoo. Alituaga kwamba anakwenda kutafuta, na akipata chumba atatuita. Chumba akapata, akatuita, mama hakwenda. Kwanza bibi aliugua, halafu zikaja mvua, halafu yakaja maneno. Maneno ya watu hayalipi nauli, ndugu zangu, yalifika Kilwa kabla ya basi: baba kaonekana na mwanamke. Aliyemwona nani? Hakuna. Waliosikia? Wote!

Babu, baba yake mama, alikuwa mtu wa kauli moja. Alisema barazani, sisi tunasikia, kwamba mwisho wa mambo hayo ni likizo ya mwezi wa sita. Mkwewe akikaa na mkewe wakaelewana, alhamdulillahi. Akishindwa, atamdai talaka ya binti yake. Mdogo wangu Shabani akaninong'oneza akitaka kujua talaka inaliwa na nini. Nilimpiga konzi, maana hata mimi sikujua vizuri, ila nilimwona mama akiacha kupepeta mchele.

Siku ya pili yake mama akanichukua hadi kibanda cha simu karibu na stendi. Baba hakuwa na simu yake mwenyewe, ilikuwepo ya dukani kwa tajiri wake, ukipiga unamngoja aitwe. Akaitwa, na hata salamu hazijakauka wakaanza kubishana. Mama hakanyagi kwenye chumba chake, akakutane na huyo hawara? Baba naye hakanyagi Temeke kwa mama mdogo, ambako tungefikia, kwani huko shemeji zake walishamtukana mbele za watu. Mwenye kibanda anatazama saa, mimi nimeshika mkoba kwa mikono yote miwili. Mwishowe nikaisikia sauti ya baba ikitoka kwenye simu, ndogo, imelegea.

"Basi walete watoto Makumbusho, Jumapili asubuhi. Watembee, waone vitu, na sisi tuongee."

"Makumbusho," mama akajibu. "Haya, inshallah."

Njia nzima ya kurudi alitembea haraka, na mara moja nikamsikia akiimba kwa puani. Makumbusho, nani asiyeijua? Mwalimu wetu alishatuambia kwamba vitu vya kale vilivyofukuliwa Kisiwani vilipelekwa Makumbusho, Dar es Salaam. Kwa sisi watu wa Kilwa neno lile lilikuwa na maana moja tu: nyumba iliyochukua vitu vyetu.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Ana kiburi, na mimi nimekirithi chote. Lakini wanawake wa kwetu jambo likiwashinda kulisema, hulivaa. Akatoa sandukuni doti ya kanga ambayo haijaguswa na maji, bado ina wanga, ukipita karibu yake inachakarisha. Jina lake lilikuwa WAGOMBANAO NDIO WAPATANAO. Alitaka baba alisome. Asubuhi ya Jumapili, Temeke, aliamka kabla ya kila mtu akamimina mkate, akaufunga kwenye kitambaa ungali moto. Shabani alipounyoshea mkono alikatazwa. Mkate ulikuwa wa baba.

Mama mdogo alitusindikiza mpaka getini kwa jumba la mjini, kule karibu na bustani ya miti, akaenda zake. Hakuuliza kitu, kwani mama alishamwambia anataka jumba la vitu vya Kilwa, na jumba la vitu vya Kilwa ni lile.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya sakafu iliyopigwa dawa. Watu waliongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna maiti. Mlinzi mmoja mtu mzima, tulipompa shikamoo, aliitikia marahaba kwa furaha akajifanya mwenyeji wetu. Alituonyesha fuvu la mtu wa kale sana, Shabani akajificha nyuma yangu. Kisha tukafika kwenye vitu vya kwetu. Lo! Ndani ya kabati la vioo, juu ya kitambaa, vimelazwa vigae. Vigae vya vyombo vya Kichina na vya udongo, vilevile tunavyookota ufukweni tukichezea mdako.

"Mama!" Shabani akapiga kelele. "Hivi si vyetu? Mbona wamevifungia?"

Mlinzi alicheka mpaka akashika kiuno. Mama naye alicheka, na namkumbuka vizuri alivyocheka, akiwa ameshika mkate kifuani na macho yake yako mlangoni. Akasema, "Ngojeni baba yenu aje mumwonyeshe."

Tukatoka nje kwenye benchi linalotazama geti, ili akiingia tu tumwone. Mama alikaa upande, akaitandaza kanga yake ili maandishi yasomeke kutoka mbali. Kila alipopita mtu alijiweka sawa. Upande wa pili, bustanini, walikuwepo tausi. Kama hujamsikia tausi akilia, ni sauti ya mtu anayemwita mwenzake kwa hasira, na kila tausi alipolia mama aligeuka.

Familia ziliingia, baba mbele, mama nyuma, watoto na soksi nyeupe. Zikatoka. Nyingine zikaingia. Jua likafika utosini. Shabani alisema ana njaa mara nyingi hadi akachoka kusema. Mama akatuacha pale akaenda kutafuta simu ya kupiga.

"Baba yenu akija mshikeni," akaniambia. "Mshikeni nguo, asiondoke."

Nilisimama wima kama askari. Nilishaamua nitashika shati na Shabani atashika suruali. Mama alirudi akaniambia simu inaita tu. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, ilikuwa inawaitia magunia. Hakukaa tena upande. Alikaa akijikunyata, mikono juu ya mkate, na alikuwa anaomba. Niliiona midomo yake. Yarabi mlete. Yarabi mlete. Mimi nikaanza kuomba pia, nikamwahidi Mungu kwamba sitampiga Shabani konzi maishani mwangu, nikamwahidi na mengine makubwa zaidi. Nilijua kwamba asipokuja hatuna baba tena, na kwamba hilo linaamuliwa pale, mbele ya geti lile, na hakuna mtu anayeweza kufanya lolote.

Baada ya alasiri mama alisimama. Akaifungua kanga ya kiunoni, akaigeuza, akajifunga tena maandishi yakiwa ndani. Akaivua na ya mabegani akaigeuza vilevile. Mtu asiyejua kanga angedhani anajiweka vizuri tu. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilikuwa mtoto wa Kilwa, nikajua mambo yamekwisha.

Yule mlinzi alikuja kutuambia kwa upole kwamba wanafunga. Mama akamshukuru. Tulipotoka nje ya geti alikaa kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima na heshima zake, akafungua kitambaa. Mkate ulikuwa umepoa.

"Kuleni," akasema.

Tukala. Yeye hakuonja hata chembe, na tangu siku hiyo sijamwona akiutia mkate wa kumimina mdomoni mwake. Huupika, huugawa, basi.

Tuliporudi Kilwa babu alifanya alivyosema. Wazee walitumwa Dar, baba akatoa talaka bila kubisha, na kule kutobisha kwake ndiko kulikommaliza mama. Alikaa eda mpaka ikaisha. Waliokuja kumposa baadaye aliwakataa wote. Mimi nikakua na hasira yangu, naichunga kama mbuzi wa kafara, nikijua kwamba ipo siku.

Siku ikaja. Nilikuwa nimeshapata kazi Dar, na watu wakaniambia baba yu mgonjwa, Mbagala, miguu imemvimba. Sikwenda kumtazama hali. Nilikwenda kumgombeza. Nilimkuta kitandani, mzee kabla ya wakati wake, na hata shikamoo yangu ilikuwa na meno. Akaitikia marahaba, mwanangu, akaanza kutabasamu, nami sikumpa nafasi.

"Baba, ulituacha Makumbusho kutwa nzima."

Akanitazama. Kisha akajiinua kwa viwiko, na nikaona kwamba hata yeye hasira anayo, mbichi.

"Mimi? Mimi ndiye niliyeachwa Makumbusho! Nimekaa kwenye baraza ya ile nyumba ya Kimakonde tangu asubuhi. Ngoma zimepigwa mpaka wapigaji wakafunga ngoma zao wakaenda. Mama yako alinifanya mjinga."

"Nyumba gani ya Kimakonde? Makumbusho hakuna nyumba ya Kimakonde. Kuna makabati ya vioo."

"Vioo?" akasema baba. "Zipo nyumba za udongo, za makuti, za kila kabila. Kuna vioo wapi?"

Dirishani watoto wa jirani walikuwa wanacheza. Mimi nilishakaa Dar vya kutosha, nilishapita stendi ya Makumbusho kule Kijitonyama mara sizijui ngapi, makondakta wakiliita jina hilo mpaka koo linawakauka, na kile kijiji cha nyumba za asili kilichoipa stendi jina kiko pembeni yake. Wala sikuwahi hata siku moja kuunganisha. Baba alipanga chumba jirani na huko. Kwake yeye, kama kwa watu wote wa mtaa wake, Makumbusho ilikuwa ile. Kwa mama ilikuwa nyumba yenye vigae vyetu. Wanasema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini utauliza nini jambo unalolijua?

"Kumbe mlikuja," akasema baba.

"Tulikuja."

"Na mama yako alikuja?"

"Alikuja na mkate wa kumimina."

Akageukia ukutani. Nilimwona mgongo wake ukitikisika, na mimi niliyekwenda kugombeza nikakaa chini sakafuni nikamshika nguo, shati, kama nilivyoagizwa. Hawara mwenyewe, aliniambia baadaye, hakuwepo. Alioa miaka mingi baada ya talaka, mwanamke mwema tu, akamzika pia. Wazee wa babu walipokuja kudai talaka alidhani mama ndiye aliyewatuma, kwamba kutokuja kwake Makumbusho ndilo lilikuwa jibu. Akampa alichodhani anakitaka. Hakuuliza, kwa kuwa na yeye alikuwa na kiburi.

Kabla ya mfungo tukamzika.

Sasa nami nina watoto, na likizo huwapeleka matembezini. Mkija Dar na wenu nawashauri mwende kote kuwili. Jumba la mjini waone mafuvu na vigae, kisha kile kijiji waingie nyumba za mababu, wainame kwenye milango mifupi, wacheze ngoma. Watafurahi. Ila mkiagana na mtu kukutana huko, nawaomba kwa jina la Mungu, tajeni mtaa. Mimi nyumba ya Kimakonde huipita haraka. Mara moja nilijaribu kukaa kwenye baraza yake, nikashindwa.

Utotoni nilidhani siku ile tulipimwa na baba, na kwamba tulionekana hatufai. Sikujua kwamba upande wa pili wa mji kulikuwa na mtu mzima anayekodolea macho geti jingine, naye anapimwa vilevile, naye anaomba Mungu yuleyule. Dua zetu zote zilikuwa moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na sina wa kumlaumu.

Nilikaa muda mrefu bila kumwambia mama. Niliona nimwache na hasira yake, ameshaizoea. Lakini Idd iliyopita, sanduku liko wazi na hiliki inanukia, nikamwona anaitoa kanga ile, anaikunjua, anaikunja tena kwenye mikunjo ileile, na moyo ukanishinda. Nikamwambia yote: baraza, ngoma, nyumba za udongo, Kijitonyama.

Hakulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kanga mapajani, akipitisha kidole juu ya maandishi. Mkate ukaanza kuungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Alikuja," akasema mwishowe.

"Alikuja, mama. Tangu asubuhi."

Akanitazama, na sikuwa nimewahi kumwona mama yangu na uso ule, uso wa msichana anayeona haya.

"Alivaa nini?"

Sikumuuliza baba jambo hilo, na hakuna mwingine anayelijua.