Triko la Kijani na Kichwa cha Mjukuu

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijifumia triko, yaani sweta. Nasema mitatu ili nisijiaibishe. Mke wangu anasema minne, na yeye ndiye mwenye kumbukumbu nyumbani kwetu. Ni la kijani, kijani cha ndizi ambayo haijafikiria kuiva, na lilikuwa limefika mgongo mzima, kifua nusu na mkono mmoja. Mwenye akili atauliza: triko la sufu Bujumbura, la nini? Hapa Mutanga Nord hata paka hulala sakafuni kanyoosha miguu yote minne akitafuta ubaridi. Nami hujibu kwamba nalitayarishia safari ya milimani, kwa wakwe zangu, kule ambako asubuhi mtu akisema neno mvuke unamtoka mdomoni. Safari sijaenda kwa sababu triko halijaisha. Triko haliishi kwa sababu safari haina haraka. Kwa mtu anayependa kukaa nyumbani kama mimi, hiyo ni mipango iliyokamilika.

Kufuma nilijifunza kazini. Nilikuwa mtunza stoo wa shule moja ya wasichana, na mwalimu wa kazi za mikono aliweka sindano na sufu zake kwangu. Stoo ina saa nyingi za kukaa bure. Mwanzoni nilimuuliza swali moja tu. Mwisho wa mwaka nilikuwa namsaidia kuwasahihisha wanafunzi. Kazi ilipoisha niliacha sindano zake pale pale, zangu nikazitengeneza kwa njiti za gurudumu la baiskeli, nikizisugua ncha kwenye saruji ya baraza mpaka jirani akauliza kama tunafungua karakana.

Sufu nayo sinunui kwa mfuko kama matajiri. Nanunua peloti moja moja, yaani bonge moja la uzi, kila nikipata kitu. Tatizo ni kwamba kijani cha leo si kijani cha mwezi ujao. Kiwandani wakichovya rangi upya inatoka tofauti kidogo, na mgongoni utatembea na mstari kama barabara iliyotiwa lami mara mbili. Ndiyo maana mwenye duka ninakonunua, mama mmoja wa Kiislamu wa mtaa wa Buyenzi ambaye kwao wameuza nyuzi tangu enzi za babu yake, alinitengea mfuko mmoja wa rangi ile, akausukuma chini ya meza. Nikienda, anachomoa peloti moja.

"Karibu, mzee wa peloti moja," ndiyo salamu yake. "Bado tu hujaivaa hiyo triko?"

"Bado, mama. Naogopa nikimaliza utakosa mteja."

"Mteja? We si mteja, we ni mupangaji. Sufu yako inalala hapa kwangu hailipi nyumba."

Basi nilikuwa hivyo, mpangaji na triko langu, hadi binti yetu alipojifungua kabla ya siku zake. Ni mtoto wetu wa pekee, na huyo aliyekuja kwa haraka, msichana wa kilo moja na nusu, ndiye mjukuu wetu wa kwanza. Hospitali walimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakamfunga na kitenge wawe kama mtu mmoja. Mke wangu akawa anapeleka chakula. Mimi nikawa napika, kazi ambayo haimtoi mtu nyumbani.

Siku ya pili alirudi adhuhuri akakaa bila kuvua viatu. Nikajua kuna neno.

"Anapumua vizuri," akasema kabla sijauliza. "Ananyonya kidogo kidogo. Lakini muuguzi anasema joto yote inamutokea ku kichwa. Anataka kofia ya sufu. Zile za dukani zinamufunika mupaka puani."

"Kichwa chake kikoje?"

Aliingiza mkono kwenye kikapu cha matunda, akatoa chungwa, akalirudisha, akatoa dogo zaidi.

"Hivi."

Nililitazama lile chungwa. Mke wangu yeye alikuwa akitazama mfuko wa triko langu nyuma ya mlango, maana nyumbani hakukuwa na uzi mwingine wowote.

"Naenda Buyenzi," nikasema nikisimama. Mimi, niliyeshindwa kwenda harusi mbili mwaka huo kwa sababu ya jua.

Mafuta yalikuwa hayapatikani, mabasi hayakuwepo, nikateremka kwa miguu. Duka nikalikuta limefungwa. Fundi cherehani wa mlango wa pili akaniambia mwenyewe kavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, kufuata mzigo, maji ya ziwa yamekata njia pale Gatumba, na atarudi ziwa likipenda.

Ningeweza kurudi nyumbani hapo hapo, nikafanya lililopaswa kufanywa. Lakini mtu na triko lake! Nikajiambia, soko la Ruvumera si mbali, na kule nguo za chagua, yaani mitumba, zimelala chini kwa mafungu. Triko moja kuukuu ukilifumua linakupa sufu ya kofia kumi. Ni ujanja wa zamani, na una sharti moja tu. Geuza nguo, tazama mishono ya ubavuni. Ikiwa imeungwa kwa uzi kama mnyororo, nunua: utafungua ubavu, uvute, na uzi utakuja mmoja kutoka bega hadi pindo. Ikiwa ukingo umekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, kimbia, kwa sababu kila mstari umekatwa pande zote mbili. Sharti hilo niliwahi kuwaambia wasichana wa watu pale stoo, kidole kikiwa juu kama padri.

Muuzaji aliniona mbali. Alivuta triko la njano, jepesi, akanibandika nalo shavuni.

"Iguse, papa! Si ni kama shavu ya mutoto?"

Neno hilo tu. Nililipa bila kugeuza chochote.

Nyumbani niliketi barazani, nikafungua ubavu, nikavuta. Ukatoka uzi wa urefu wa mkono. Nikavuta tena. Urefu wa mkono. Baada ya muda nilikuwa na lundo la vipande vya njano mapajani, na mke wangu amesimama mlangoni.

"Umenunua tambi?" akauliza. "Nipashe moto maji?"

"Naweza kuviunga kwa mafundo."

"Mafundo ku kichwa ya mutoto wa kilo moja na nusu. Mzee, mutoto iko na baridi, na we uko unalinda triko."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea.

Nililitoa triko la kijani. Nilianza na mkono, kwa sababu ndio niliofuma vizuri kuliko vyote na nilitaka yaishe maumivu haraka. Miezi minane ya kazi ilifumuka kabla maharage hayajaiva. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele, na desturi ni kuufua, kuuning'iniza na kitu kizito, kusubiri ukauke umenyooka. Sikuwa na siku ya kusubiri. Niliufuma na mikunjo yake, duara kwa duara kwenye njiti nne za baiskeli, na kila baada ya mistari kadhaa nikiivisha chungwa. Kesho yake, chai ikichemka, kofia ilikuwa imefuliwa kwa maji ya moto na kukaukia juu ya mbabula, jiko letu la makaa.

Siku hiyo nilikwenda mwenyewe kuipeleka, pamoja na mke wangu. Binti yangu alifungua kitenge kidogo, nikaona uso usiozidi kiganja changu, umefinywa kama wa mtu anayesoma maandishi madogo bila miwani. Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya sokoni, alimvisha. Ikashuka hadi kwenye nyusi, ikafunika masikio, ikasimama hapo.

"Nani amefuma?"

"Ni papa," binti yangu akasema.

"Papa? Si mama?"

"Mama yake kifungo tu kinamshinda," nikasema, nikafinywa mbavu na aliyehusika.

Muuguzi aliigeuza kofia kushoto na kulia. "Imekunjamana kama shufleri, kabichi ile ya maua. Lakini inafaa." Kisha akapitisha vidole viwili chini ya ukingo, pale kwenye paji la uso, vikaingia bila shida. "Unaona, papa? Vidole viwili. Siku kofia hii itamubana, mutoto atarudi nyumbani."

Kuanzia hapo sikuuliza tena kilo wala gramu, ambazo zilikuwa zikinitia hofu. Mke wangu akirudi na vyombo vitupu nilimuuliza neno moja: "Inambana?"

"Bado. Vidole viwili."

Siku nyingine alikuja na maagizo. Muuguzi anasema wodini kuna watoto watatu wengine, mama zao wametoka mbali, hawana kitu. Kilichobaki cha mkono kikaisha, nikaanza kifua. Nilifuma kofia tatu za kijani, na binti yangu akanitumia habari kwamba wodi nzima sasa inaonekana kama shamba la kabichi.

Siku moja nilipouliza, mke wangu alipita moja kwa moja jikoni.

"Leo usiulize."

Baadaye ndipo aliponiambia, akiosha sahani ambayo ilikuwa safi tayari. Mtoto alikuwa amepungua, amechoka kunyonya, wanamlisha kwa kikombe. Muuguzi aliweka vidole akavitoa haraka. Niliketi barazani nikafuma soksi, na zilipokwisha nikafuma nyingine, na nyingine tena. Jioni tulikuwa na jozi tatu za soksi za mtu mmoja ambaye miguu yake ilikuwa haijakanyaga popote. Mke wangu alizikunja moja moja, akazitia katika mkoba wa chakula, hakunitania hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku mbili hivyo. Ya tatu: "Vidole viwili. Ananyonya." Wiki ikapita. "Kimoja na nusu," akasema, tukabishana kama nusu ya kidole ni kipimo. Kisha kimoja. Kimoja kilikaa siku nyingi mno, nikaanza kumshuku muuguzi kwamba amenenepa vidole.

Halafu ikaja siku mke wangu aliporudi akaitupa kofia mapajani mwangu, akaweka mikono kiunoni.

"Binti yako amekasirika. Kofia yako imeacha mustari ku paji ya mutoto, zunguka yote, kama kifuniko ya chupa. Anasema baba yake hajui kupima."

Niliitazama. Nilimtazama. Alikuwa anajikaza asicheke, na machozi yalikuwa yameshamtangulia.

"Inambana?" nikauliza.

"Haiingii, mzee! Wanatoka Alhamisi."

Nilitafuta fundo pale utosini, nikalikata, nikavuta. Uzi ukaja wenyewe, duara baada ya duara, haukukatika mahali popote. Nikaenda nyuma ya mlango kuchukua mgongo wa triko, maana uzi wa kofia peke yake haungetosha tena.

"Sasa nipime na nini?" nikamuuliza.

Mke wangu alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akaingiza mkono kwenye kikapu cha matunda, akatoa chungwa, akalirudisha, akatoa kubwa zaidi.

"Hivi," akasema.