Mchi Usioinuliwa Hautwangi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hapa hapa Kalemie, mama mkwe wangu aliponikuta mkekani jua limeshapanda. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, huyu huyu mume wako, naye bado hajajua hata kucheka. Miguu ilikuwa imenivimba, na nikilala chali pumzi zinanikatika. Mama mkwe na majirani wakauita uvivu.

"Mwanamuke gani analala jua iko juu?" alisema, majirani wasikie. "Kinu kile pale, muhogo ule pale. Simama!"

Nilisimama, maana nilikuwa mke mpya na nilimwogopa. Nikatwanga kidogo tu, macho yakaingia giza, nikaanguka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nikapelekwa hospitali, daktari akasema moyo umedhoofika kwa uzazi. Mama mkwe akauliza muntu anachokaje na kulala. Hapo akageuka Mama Faida, muuguzi mzee mwenye ulimi mkali.

"Mama, wakati unatwanga, nguvu inaishia wapi? Kushusha muchi, ao kuinua?"

"Kuinua," mama mkwe akakubali, shingo upande.

"Basi, moyo nao hauchoki kwa kupiga tu."

Akatueleza kwamba nyama ya moyo ni chembe nyingi hai, na ndani ya kila chembe mna nyuzi ndogo sana. Kalsiamu, madini yaliyomo hata katika mawe ya chokaa ya kule Kabimba, ikizifikia nyuzi hizo, zinavutana, moyo unakaza na kusukuma damu. Kisha ni lazima kalsiamu iondolewe, irudi ilikotunzwa, ndipo nyuzi ziachiane. Kuirudisha huko nako kunakula nguvu.

"Watu wanasikia kishindo tu," alisema. "Moyo wenye haulegei haujai. Utasukuma nini?"

Nilirudi nyumbani na dawa zangu, nikatandika mkeka mbele ya mlango, si chumbani, ili kila aendaye sokoni anione. Nikalala. Walisema mpaka wakachoka. Nilikuwa na hasira, mwanangu, na sehemu yake ninayo mpaka leo. Kutwanga nisile unga, nazuia mchi wangu! Walitabiri nitarudishwa kwetu. Sikurudishwa, wala sikufa. Mama mkwe nilimzika mimi, na nilimlilia.

Sasa nawe umezaa, na jana niliiona miguu yako ukiificha kwenye kitenge. Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo tunakwenda hospitali mimi na wewe, na dawa utakayopewa usiiruke. Kupumzika usikuombee ruhusa kwa mtu, kwa sababu kulegea ni nusu ya kazi ya moyo, na moyo ni wako. Atakayekuita mvivu, mlete kwangu nimjibu.

Mungu akujalie moyo unaokaza na kulegea mpaka uwabebe wajukuu. Mkeka nimeshautandika mbele ya mlango. Na muhogo usikutie wasiwasi: yule aliyenichosha moyo nikimzaa, leo atatwanga yeye.